Mkimbiaji wa mbio ndefu hakomai akiwa darasa la saba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu kuhusu namna tunavyowachagua wanariadha, hasa huku kwetu Ngara na wilaya jirani ya Biharamulo.

Ndugu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Septemba 2025, niliulizwa na wengi kijijini: huyu alikuwa wapi siku zote? Alikuwa anakimbia. Medali ya shaba ya mashindano hayo hayo aliipata London mwaka 2017. Dhahabu imemkuta na miaka 33.

Tumtazame na Ndugu Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Wengi wanajua medali yake ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alipoachwa na Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiotimia sekunde moja. Yeye na Ndugu Filbert Bayi ndio Watanzania pekee waliopata medali za Olimpiki, na hata Paris 2024 hatukuongeza nyingine. Mengine aliyoyafanya hayasemwi sana. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kisha akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987, akarudia 1988, akiwa na miaka 34 na 35! Alipostaafu mbio akawa kocha, na akawa Katibu Mkuu wa chama cha riadha nchini. Ndugu Juma Ikangaa naye alikuwa na miaka 32 aliposhinda New York mwaka 1989.

Je, sisi tunafanyaje? Tunawapima watoto wa miaka 12 kwa mita 100 na kupokezana vijiti. Katika mashindano fulani niliyopeleka wanafunzi, mita 1,500 zilifutwa kwa kuwa fainali ya mpira ilikuwa inangojewa na mgeni rasmi ana haraka. (Sina ugomvi na mpira, mimi mwenyewe ni shabiki.) Mtoto aliyeshika nafasi ya sita katika mita 100 anaambiwa hajui kukimbia, na huyo ndiye anayepanda na kushuka milima ya Ngara kila siku kuja shuleni. Akimaliza darasa la saba anaingia kwenye migomba au bodaboda. Hakuna atakayempima tena akiwa na miaka 20.

Ninawaomba maafisa michezo wa wilaya hizi mbili waandae mbio za kilomita 10 kila mwaka wakati wa kiangazi, kwa vijana wa miaka 17 hadi 25, awe mwanafunzi au mkulima. Mwaka huu zifanyike Ngara kwenye milima, mwaka ujao Biharamulo. Hazihitaji uwanja. Zinahitaji barabara, askari wa usalama barabarani, maji ya kunywa, saa, na daftari la kuandika muda wa kila mkimbiaji. Daftari hilo litunzwe, ili kijana aliyekuwa wa 15 mwaka huu aonekane akiwa wa 4 miaka mitatu baadaye.

Kushika saa nitashika mimi, bila posho.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ngara, Kagera.