Tahadhari: Imeili Yako Imo kwenye Kauntabuku ya Duka

Kama imeili yako ulifunguliwa kwenye duka la steshenari, Ngaramtoni au kwingine kokote, na aliyekufungulia ndiye aliyekuchagulia paswedi, ibadilishe leo kabla hujalala. Usingoje matokeo ya Kidato cha Sita yatoke, wala dirisha la mikopo lifunguliwe. Nitaeleza kwa nini siku chache za mwanzo zina uzito kuliko zitakazofuata.

Mambo huenda hivi pale kaunta. Ni siku ya soko, Alhamisi au Jumapili, daladala zinapishana kwenye barabara ya Namanga, na duka limejaa: wa fotokopi, wa picha za pasipoti, mama mwenye risiti ya ada anayotaka ilaminishwe. Mwanafunzi anaingia na bahasha ya vyeti. Kijana wa duka hainui macho. "Dogo, imeili unayo?" Hana. "Nipe majina matatu." Gmail inataka namba ya simu. Dogo ametoka bweni juzi, simu hana. Ya mama ipo, ila mama yuko shambani na simu yake. Kijana anaweka namba yake mwenyewe. Paswedi anaweka ile anayowawekea wote: jina la kwanza, herufi kubwa mwanzoni, na mwaka. Kompyuta inauliza kama ihifadhi paswedi, anabonyeza ndiyo. Halafu anavuta kauntabuku iliyo chini ya printa, anaandika jina, imeili, paswedi na namba ya mtihani wa kidato cha nne. "Ukisahau, njoo nitakuangalizia." Dogo anashukuru, analipa, anatoka na kikaratasi.

Kijana huyo si mwizi. Mara nyingi ni mhitimu kama hao anaowahudumia, anafanya kazi haraka kwa sababu foleni ni ndefu na umeme hauaminiki. Na ameandika kwa nia njema kabisa, maana wiki ijayo nusu yao watarudi wakiwa wamesahau. Lakini hebu itazame hiyo kauntabuku. Ina darasa zima, pengine shule mbili tatu, kila mtu na jina lake kamili, namba yake ya mtihani na ufunguo wa barua zake. Inalala dukani. Kijana akiacha kazi, inabaki kwa atakayemfuata. Duka likiuza kompyuta yake ya zamani, paswedi zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zinauzwa nayo, pamoja na cheti chako cha kuzaliwa kilichoskaniwa mwaka jana na kuachwa kwenye folda ya vilivyopakuliwa.

Mwaka 2013 akaunti zote za Yahoo, bilioni 3, ziliingiliwa na wahalifu, na ilichukua hadi 2017 kampuni yenyewe kukiri ukubwa wa hesabu hiyo. Wahalifu wale walihitaji ujuzi wa hali ya juu. Kwa kauntabuku anahitajika mtu mwenye simu yenye kamera na dakika moja ambayo kijana wa duka amegeuka kuongeza karatasi kwenye printa.

Tatizo limejengwa na utaratibu wetu wenyewe, na hapa sina budi kusema. Sekondari zetu zinapiga marufuku simu, na sababu zake zinaeleweka. Mwanafunzi anakaa miaka sita bila kuandika imeili hata moja, kisha ndani ya wiki chache anatakiwa kuomba chuo mtandaoni, kuomba mkopo mtandaoni, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA mtandaoni, na baadaye kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, mtandaoni pia. Ilboru, Mringa, Enaboishu, popote alipotoka, atakimbilia kaunta. Mtu hawezi kulinda kitu ambacho hajawahi kuambiwa kuwa ni chake.

Na imeili hii ina nini cha kulindwa? Wengi wanadhani ni ya kupokelea matangazo tu. Tangu 2017 mwombaji wa shahada anaomba moja kwa moja kwenye chuo, hapiti tena kwenye mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja tu, na unathibitisha kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu au imeili uliyojaza wakati wa kuomba. Soma tena hapo: uliyojaza wakati wa kuomba. Ikiwa namba iliyojazwa ni ya kijana wa duka na imeili ina paswedi anayoijua yeye, basi nafasi yako chuoni iko mikononi mwake. Huenda asiwe na ubaya wowote. Huenda simu yake imezimika tu, au amehamia Babati, na siku za kuthibitisha zinapita wewe ukiwa Olmotonyi unasubiri ujumbe ambao ulishafika kwa mtu mwingine.

Kwa Bodi ya Mikopo ni vivyo hivyo. Maombi yanafanywa kwenye mfumo wao uitwao OLAMS, unaingia kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na taarifa za mkopo unazisoma kwenye akaunti yako. Mifumo ya aina hii, mtu akidai amesahau paswedi, hutuma njia ya kuweka mpya kwenye imeili au simu iliyosajiliwa. Mwenye imeili ndiye mwenye akaunti. Ni sawa na fundi aliyekuwekea kitasa mlangoni, akaondoka na funguo zote mbili, nawe ukamshukuru.

Liko baya zaidi, na ndilo linalonifanya nitumie neno tahadhari. Kila Mtanzania mwenye simu anaujua ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tunaucheka kwa sababu umetumwa kijinga, kwa mtu yeyote, bila jina. Sasa fikiria simu inapigwa kwa mama yako na mtu mwenye sauti ya kiofisi. Anakutaja majina matatu. Anataja shule uliyosoma, namba yako ya mtihani yote mpaka mwaka, na kozi uliyoomba. Anasema anapiga kutoka Bodi ya Mikopo, ombi la mwanao lina kasoro kwenye kiambatanisho, dirisha linafungwa leo jioni, atume elfu hamsini kwenye namba hii likarekebishwe. Mama gani atakataa? Aliyotajiwa yote ni kweli. Na yote yameandikwa kwenye mstari mmoja wa kauntabuku, au kwenye imeili ambayo paswedi yake darasa zima linaweza kuikisia.

Mwambie mama hivi, kwa maneno haya haya: malipo ya serikali hulipwa kwa kontroli namba. Ada ya kuomba mkopo, shilingi 30,000, hulipwa kwa kontroli namba inayotolewa na mfumo wenyewe. Hakuna ofisa anayetumiwa pesa kwenye laini yake ili arekebishe ombi. Anayetaja namba ya simu ya kutumia pesa, hata akiwa na majina yako yote, akatiwe simu. Namba yake ya kitapeli itumwe kwenda 15040, ambayo TCRA imeitenga kwa kazi hiyo.

Kwenye imeili pia matapeli wanakuja. Tazama anwani ya anayekuandikia, usiishie kwenye jina, kwa sababu jina anaweza kujiita chochote. Ofisi za serikali zinatumia anwani zinazoishia na .go.tz, vyuo .ac.tz. Bodi ya Mikopo iliyokuandikia kutoka gmail si Bodi, na tovuti inayoanza na heslb ikaishia na .com si yao. Arusha tuna mtego wetu wa ziada. Kwa kuwa mji una mashirika ya kimataifa, na hapo Lakilaki ipo taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kijana akipata imeili ya "ajira ya UN Arusha" anaona inawezekana kabisa. Inawezekana, ila Umoja wa Mataifa hautozi pesa kwenye hatua yoyote ya kuajiri. Ikitajwa ada ya fomu, ya mafunzo au ya kipimo cha afya, funga.

Sasa turudi kwenye kuichukua imeili yako. Huhitaji kompyuta ya duka. Tena usiitumie kabisa kwa kazi hii. Tumia simu janja ya mtu wa nyumbani, kaka, shangazi, mwalimu unayemwamini. Ingia Gmail kwa paswedi ile ya kikaratasi, kisha nenda kwenye Akaunti ya Google, sehemu ya usalama. Badilisha paswedi kwanza. Usiweke jina lako, la ukoo, la timu wala mwaka wa kuzaliwa; weka maneno manne yasiyohusiana unayoweza kuyakumbuka, na usimwambie mtu. Halafu angalia namba ya simu na imeili ya kurejesha akaunti. Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Wanabadilisha paswedi na kuiacha namba ya kijana wa duka palepale, kwa hiyo akibonyeza "nimesahau paswedi", msimbo unaingia kwenye simu yake na paswedi mpya anaweka yeye. Iondoe, weka yako au ya mzazi.

Na hii ndiyo sababu ya haraka niliyoitaja: Google inaweza kuendelea kukubali namba ya zamani kwa siku 7 baada ya wewe kuibadilisha. Imewekwa hivyo kumsaidia aliyeibiwa akaunti, lakini kwako ina maana kwamba ukibadilisha leo, uko salama kamili wiki ijayo. Ukingoja mpaka wiki ya kuthibitisha chuo, utakuwa unathibitisha huku mlango wa nyuma bado uko wazi.

Ukimaliza hapo, fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako. Utaiona kompyuta ya duka imo. Itoe. Angalia pia kwenye mipangilio ya Gmail kama barua zako zinasambazwa kwenda anwani nyingine. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, ule ambao kila kifaa kipya kinapotaka kuingia msimbo unatumwa kwa SMS. Watu hudhani hilo ni la wenye simu kubwa. SMS inaingia hata kwenye kitochi.

Ila laini iwe ya kwako au ya mtu wako. Baadhi ya maduka yana laini za ziada za kufungulia imeili, kwa kuwa Google haikubali namba moja ifungue akaunti bila kikomo. Laini ile ikishatumika inatupwa kwenye droo. Isipotumika kwa miezi inafungwa, na namba inauzwa upya kwa mtu mwingine kabisa, asiyekujua wala usiyemjua, ambaye siku moja atashangaa kupokea msimbo wa akaunti yako. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe.

Kama paswedi ya kikaratasi imekataa, au imeili imeshachukuliwa, usifungue mpya kimyakimya na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Ombi lako bado limefungwa kwenye ile ya zamani. Fungua mpya, ndiyo, kisha nenda au andika kwa ofisi ya udahili ya chuo ulichoomba, uwaombe wabadilishe imeili na namba ya simu. Kwa mkopo, Bodi ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa Arusha mjini. Nenda na cheti cha kidato cha nne na kitambulisho. Kama kuna pesa imetumwa au ombi limeguswa, pita polisi kwanza uchukue RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhukumu anayeingia kwenye akaunti ya mwingine bila ruhusa faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili, na haisemi kwamba kujua paswedi ni ruhusa.

Wenye maduka nao wasikilize. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na anayekusanya taarifa za watu anawajibika nazo. Ile kauntabuku ni mkusanyiko wa taarifa. Chaneni kurasa za paswedi na mzichome, zimeni kitufe cha kuhifadhi paswedi, futeni vyeti mkimaliza kuchapa. Mteja akija kufungua imeili, mgeuzieni kibodi aandike paswedi mwenyewe nanyi mtazame pembeni. Kama hana simu, mwambieni arudi na ya mzazi. Mtapoteza shilingi chache siku hiyo.

Na mzazi ambaye namba yake ndiyo imejazwa kwenye maombi: laini hiyo isibadilishwe, isiazimishwe, na salio lisiishe mpaka mtoto awe ameripoti chuoni. Msimbo ukiingia, msomee mwanao peke yake, tena wewe ndiye umpigie. Akipiga mtu mwingine akiomba usome tarakimu zilizoingia sasa hivi, hata akikuita mama na kukutajia jina la mwanao, usimsomee.