Dar es Salaam na Kibiti: Tusipime Ukubwa kwa Vichwa Pekee

Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,400. Jirani yake, Mkoa wa Pwani, una watu 2,024,947 katika eneo linalozidi kilomita za mraba 32,000. Kwa vichwa, Dar es Salaam ni kubwa zaidi ya mara 2 na nusu. Kwa ardhi, Pwani ni kubwa zaidi ya mara 20. Upi, basi, ndio mkoa mkubwa?

Jibu hutegemea kinachogawanywa. Kwa vitabu vya kiada, kuhesabu vichwa kunatosha. Kwa zahanati, ambayo mgonjwa huifuata mwenyewe, hakutoshi.

Tazama delta ya Rufiji upande wa Wilaya ya Kibiti. Mto hugawanyika katika matawi mengi yapitayo kwenye mikoko kabla ya kuifikia bahari. Vijiji vinavyoonekana jirani kwenye ramani hutenganishwa na maji, na chombo mara nyingi husubiri maji yajae. Mama mwenye uchungu wa uzazi haupimi umbali huo kwa kilomita, bali kwa saa na kwa bei ya petroli ya boti.

Kanuni ya mgawo wa ruzuku za afya kwa halmashauri iliyoanza 2004 iliipa idadi ya watu asilimia 70. Urefu wa njia ya gari la huduma za afya ulipewa asilimia 10. Gari! Kipimo hicho kinamwona mtu wa barabarani. Mtu wa mtumbwi hakimwoni.

Sipuuzi madarasa yanayofurika Mbagala. Lakini dhiki ya wingi na dhiki ya umbali hazipimwi kwa mizani moja. Katiba yetu inalijua hilo: Ibara ya 75 inaitaka Tume ya Uchaguzi, inapogawa majimbo, izingatie njia za mawasiliano na hali ya kijiografia.

Ikiwa jiografia ina uzito katika kumpata mbunge, iwe na uzito pia katika kumpata mkunga. Maofisa mipango waongeze safu moja katika majedwali ya bajeti: saa za kuifikia huduma, kwa chombo kinachotumika, wakati wa masika. Safu hiyo ndiyo itakayoonyesha ukubwa halisi wa Kibiti.