Kigae Si Kitambulisho

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, tulikuwa tukichimba mtaro wa maji juu ya barabara hapa kwetu Kanzenze. Tangu usiku ule wa Mei 2023, Sebeya ilipofurika na mafuriko na maporomoko yakaua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, hakuna anayefanya mzaha na mtaro. Jembe la jirani yangu likagonga kitu. Akainama, akatoa vipande vitatu vya chungu, akavitupa kwenye lundo la mawe. Nikavifuata. Kimoja kilikuwa na mistari midogo midogo iliyopangana kama punje za mtama, alama ya kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo ungali mbichi. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hizo inkono za zamani utazipikia nini?"

Jumatatu nikakipeleka kigae changu chuoni, nikapata majibu mawili. Mwalimu mmoja alikigeuza mara moja akanirudishia: "Hiki ni cha juzi tu. Miaka mia mbili, labda mia tatu. Akiolojia inataka vya kale." Mwenzangu mmoja akanivuta pembeni, akashusha sauti: "Uliza kimefinyangwa na watu gani. Ukijua chungu ni cha nani, utajua nani alitangulia kuishi pale."

Wanafunzi wenzangu, na ninyi walimu wetu, ninaandika insha hii kuyakataa majibu yote mawili. La kwanza ni la uvivu. La pili ni la hatari, na nitaanza na hilo.

Mwenzangu hakulibuni wazo lake. Amelirithi. Katika miaka ya 1950 Jean Hiernaux na Emma Maquet walichimba na kukusanya vigae katika Ruanda-Urundi na Kivu, wakavipanga kwa herufi: A, B, C. Herufi A walivipa vyungu vya kale zaidi, vile vyenye kitako kilichobonyezwa kwa kidole, ndugu wa vyungu vilivyochapishwa mwaka 1948 kutoka Kavirondo, Kenya, ambavyo leo tunaviita vya Urewe. Vyungu vilivyopambwa kwa kamba ya kuviringisha vilikuja baadaye. Mpaka hapo hakuna kosa. Mtu akiwa na magunia ya vigae ni lazima avipange, na mpangilio ule ulikuwa kazi ya kweli.

Kosa lilikuja pale herufi zilipogeuzwa kuwa watu. Wakaandika waandishi, mmoja baada ya mwingine, kwamba pambo jipya maana yake ni watu wapya: chungu cha aina hii kililetwa na wakulima, cha aina ile kililetwa na wafugaji, na kila mabadiliko ya mstari juu ya udongo yakawa msafara wa wahamiaji. Tusisahau pia kwamba Hiernaux huyo huyo mwaka 1954 alikuwa amechapisha utafiti wa vipimo vya miili ya wakazi wa Ruanda na Urundi. Mikono iliyopima vichwa ndiyo iliyopima vyungu. Kwa haki yake niseme kwamba baadaye yeye mwenyewe alikuja kuipinga dhana ya kuwagawa wanadamu kwa mbari. Lakini mwalimu akijirekebisha, si kila mwanafunzi wake husikia.

Kwetu sisi hili si jambo la maktaba tu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa kila mtu ni nani. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja katika kitambulisho lilitosha kumtoa mtu roho kwenye kizuizi cha barabara. Hadithi ya nani alitangulia na nani alikuja baadaye ndiyo iliyotumiwa kuandaa mauaji yale. Kwa hiyo mtu anaposhusha sauti na kuniuliza kigae changu ni cha watu gani, ananiomba nikiandikie kigae kitambulisho. Sikubali.

Na sikatai kwa woga, wala kwa sababu serikali imetufundisha kutotaja. Ninakataa kwa sababu hoja yenyewe haisimami. Angalieni namna chungu kilivyoishi katika nchi hii. Kilifinyangwa na wachache, kikanunuliwa na wote. Wafinyanzi, ambao wengi wao ni wale tunaowaita leo walioachwa nyuma na historia, walichukua udongo bondeni, wakafinyanga, wakachoma, wakabeba kichwani kwenda sokoni au kwenye boma la mkubwa. Mkulima alinunua inkono ya maharage. Mwenye ng'ombe alinunua inkono kama hiyo. Ikibindi cha pombe kiliwekwa katikati ya arusi ya huyu na ya yule. Sasa chimbeni ua wa kila mmoja wao baada ya miaka mia tatu: mtapata kigae kile kile, chenye kamba ile ile. Kigae hicho kitawaambia udongo ulitoka wapi, fundi alijifunza mkono gani, soko lilifika umbali gani. Jina la aliyekaa jikoni hakitawaambia, maana hakulijua hata kilipokuwa kizima.

Kama hamniamini kuhusu milima, tushuke pwani, ambako kosa la namna hii lilifanywa na likasahihishwa, na lililosahihisha ni vigae. Neville Chittick alichimba Kilwa kwa miaka mingi, akatoa vitabu viwili vikubwa mwaka 1974. Kabla yake James Kirkman alikuwa amechimba Gedi tangu mwaka 1948. Kazi zao zina faida hadi leo. Lakini macho yao yalivutwa na kile kilichong'aa: vyombo vya rangi kutoka Uajemi, kaure za China. Vyungu vya udongo mwekundu vilivyojaa kila shimo viliwekwa upande wa jikoni. Na ukihesabu vinavyong'aa peke yake, miji ya Waswahili itaonekana kuwa ilijengwa na wageni waliovuka bahari na kutua juu ya mchanga mtupu.

Kisha wakaja waliohesabu vya jikoni. Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, kati ya mwaka 1980 na 1988, na kitabu chake kikatoka mwaka 1996. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kitabu chake juu ya pwani ya Tanzania mwaka 1994. Waligombana juu ya jina, mmoja akisema vyungu vya Tana, mwingine akisema vyungu vya pembetatu zilizochanjwa, na ugomvi wa wasomi hauna mwisho. Lakini jambo lenyewe lilikuwa wazi. Katika tabaka za mwanzo kabisa za miji ile sehemu kubwa ya vigae ni vya wenyeji, vyombo vya kigeni ni vichache, na vyungu vya jamaa moja vinapatikana kisiwani, ufukweni na mbali ndani ya bara. Waliojenga misikiti na kununua kaure walikuwa wakila katika chungu cha nyanya zao. Historia nzima ya lugha tunayosomea shahada imesahihishwa na vipande ambavyo Kirkman na Chittick waliviona vya kawaida mno.

Sasa nirudi kwa jibu la kwanza, la "cha juzi tu". Naona hili ndilo ugonjwa wa vyuo vyetu. Chungu cha miaka elfu mbili tunakipigia picha, tunakiweka kwenye kioo. Chungu cha mwaka 1700 tunakitupa kwenye lundo la mawe pamoja na jirani yangu wa umuganda, na yeye ana udhuru, maana hakuna aliyemfundisha.

Tazameni Uingereza, nchi ambayo haikosi maandishi. Wana hati za ardhi, daftari za kodi na kumbukumbu za mahakama za vijiji kwa karne nyingi. Wangeweza kusema hawahitaji vigae vya wakulima wao. Badala yake, mwaka 1975 walianzisha chama kizima cha utafiti wa vyungu vya zama za kati, chama kinachoshughulika pia na vyungu vya baada ya zama hizo, chenye jarida lake. Kigae cha mkulima asiyejulikana kinahesabiwa, kinapimwa uzito, udongo wake unatazamwa chini ya kioo cha kukuzia, mdomo wake unapimwa ili ijulikane vyungu vizima vilikuwa vingapi. Kisha wanauliza swali ambalo kwangu mimi ni la maana kuliko yote: watu hawa walikula nini?

Na wamepata jibu. Kijiji kimoja kinaitwa West Cotton, katika jimbo la Northamptonshire. Vyungu vyake vilichunguzwa maabara, maana mafuta ya chakula hunywewa na udongo na kubaki humo kwa karne nyingi. Mwaka 1991 Richard Evershed na wenzake walionyesha nta ya majani ya jamii ya kabichi ndani ya vigae. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wakachapisha kazi kubwa zaidi juu ya vyungu vya kijiji hicho hicho: mchuzi wa nyama ya kondoo au ng'ombe uliopikwa na kabichi na mboga za jamii ya vitunguu, na maziwa. Mkulima yule hakuandika hata neno moja maishani, lakini leo tunajua alichopika.

Naomba mtu aniambie, bila kutazama kitabu, bibi wa Bugoyi alipika nini mwaka 1700. Alipika maharage? Mtama? Maziwa yaliingia chunguni au yalikaa katika vyombo vya mti peke yake? Hapa kwetu, ambako mashamba yote leo ni viazi, nini kilichemka kabla viazi havijafika? Mapokeo ya simulizi yatatupa majina ya wafalme na vita vyao. Hayatatupa mchuzi. Mchuzi umo ndani ya kigae ambacho mmeniambia ni cha juzi.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza: maabara ni ghali, na Rwanda ina haja nyingine. Ni kweli. Lakini mzani wa sokoni si ghali, wala daftari, wala rula. Waingereza hawakuanza na maabara, walianza kwa kuhesabu. Pili: mambo ya vyungu yanaamsha maneno mabaya, afadhali tuyaache yalale. Hili nalielewa, lakini silikubali. Tukinyamaza, vitabu vya zamani havinyamazi. Viko kwenye rafu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na mwenzangu aliyeshusha sauti alivipata bila msaada wangu. Dawa ya hadithi mbaya ya vyungu ni kuvisoma vizuri zaidi. Tatu, na hili husemwa na walimu wa idara ya lugha: hayo si ya wanafunzi wa Kiswahili. Ni ya nani basi? Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Kina chungu, mtungi, kaango, kigae, ukoko, masizi. Kinyarwanda kina kubumba, na Kiswahili kina kuumba. Lakini tafuta ripoti moja ya uchimbaji wa Rwanda iliyoandikwa kwa Kiswahili umwonyeshe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tunafundishwa methali "Mfinyanzi hulia gaeni", tunaieleza kwenye mtihani, tunapata alama. Hakuna aliyewahi kututuma kwa mfinyanzi.

Mimi nilikwenda mwenyewe. Mama mmoja mfinyanzi, si mbali na kwetu, alikishika kigae changu, akapitisha ukucha juu ya zile alama, akaniambia kamba ilikuwa ya nyasi na fundi alikuwa na haraka. Akanionyesha mahali mstari ulipopanda juu ya mwenzake. Kisha akaniambia kwamba udongo sasa anaupata kwa taabu, kwa sababu bonde alilochota mama yake limelimwa, na kwamba wanunuzi wanataka sufuria na madumu ya plastiki. Binti zake hawafinyangi. Katika dakika kumi alinifundisha zaidi ya mhula mzima, na akifa ataondoka nayo. Huyu ndiye tunayesema ameachwa nyuma na historia. Hakuna historia iliyomwacha, sisi wenye daftari ndio tuliompita njiani.

Basi ninadai mambo matatu. Tuache kufundisha jedwali la vyungu na makabila, na pale linapobaki vitabuni lifundishwe kama kosa lenye historia yake. Vigae vya miaka 500 ya mwisho vihesabiwe na vihifadhiwe kwa uangalifu ule ule wa vile vya Urewe. Na kila mwanafunzi wa Kiswahili, kabla ya kuhitimu, aandike msamiati wa fundi mmoja aliye hai wa kijijini kwao, neno kwa neno.

Nami nikiri kosa langu. Siku ile ya umuganda niliviokota vipande vitatu nikaviweka mfukoni. Sikupima kina cha mtaro. Sikuuliza udongo ulibadilika rangi wapi. Nilikitoa kigae mahali pake kama watu wa zamani walivyotoa vyao, na sasa hakiwezi kusema nusu ya kilichojua. Kipo kwenye bahasha chumbani kwangu. Nimeandika juu yake: Kanzenze, mtaro wa juu ya barabara, kina hakijulikani. Mahali pa watu gani nimepaacha wazi, na patabaki hivyo. Umuganda ujao nitakwenda na rula.