Anayelinda lango hajalipwa: funzo la Nairobi kwa uwanja wetu wa Mombasa

Nilikwenda Raila kumjulia hali jamaa yangu, si kutafuta habari. Raila ni kijiji kimoja cha Kibera, kilichopewa jina la marehemu Raila Odinga enzi alipokuwa mbunge wa Lang'ata, kabla ya Kibra kuwa eneo bunge la peke yake. Asubuhi ile tulikaa kwenye kibanda cha chai. Wakaingia vijana wanne, macho mekundu, wawili bado wamevaa fulana za reflekta. Walikuwa wamekesha wakifungua jukwaa la tamasha katika uwanja mmoja jijini.

Niliwauliza walilipwa ngapi. Wakacheka. Walioahidiwa ni shilingi elfu moja kila mmoja, lakini pesa zilikuwa bado. Broka aliyewaita alisema zitaingia kwa M-Pesa baada ya wiki mbili. Mmoja wao alikuwa angali anadai pesa za shughuli ya mwezi uliopita. Nilipomuuliza mbona alirudi tena, alinijibu kwa heshima, akiniita mzee, kwamba asiporudi hata hizo za nyuma atazikosa.

Nimeyatafakari maneno hayo tangu nirudi Mombasa. Tunapojadili viwanja nchini, mjadala huwa wa saruji: viti vingapi, nyasi za aina gani, mkandarasi ni nani. Talanta, pale Jamhuri, si mbali na Kibera, umepangiwa watu 60,000, na hati fungani ya shilingi bilioni 44.79 ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi ili kuugharimia. Hesabu za saruji tunazijua hadi nukta ya mwisho. Lakini uwanja hauendeshwi na saruji. Unaendeshwa na watu, na hao hatuwahesabu.

Chukua uwanja wa wastani, wa watu elfu kumi hivi hadi elfu ishirini, unaotumiwa kwa mpira Jumamosi na kwa tamasha wiki inayofuata. Shabiki huona saa mbili za burudani. Nyuma ya saa hizo kuna siku tatu au nne za kazi. Nyasi hufunikwa zisiungue, njia ya kukimbilia hutandikwa mbao isitobolewe na magurudumu ya malori. Vyuma vya jukwaa hupandishwa, spika huninginizwa, nyaya za jenereta huvutwa, vizuizi vya chuma hupangwa langoni. Kisha kuna wakagua tiketi, wapekuzi, waelekezaji na wasafisha vyoo. Umati ukiondoka, kazi yote hurudiwa kinyumenyume, mara nyingi usiku huohuo, kwa sababu uwanja umekodishwa kwa siku na kila saa ya ziada ni gharama.

Kazi hii hufanywa na vijana wa Raila, Gatwekera na Laini Saba, wanaofuata reli kwa miguu hadi watokee barabara ya Mbagathi. Na mlolongo wa ajira yao ni mrefu. Mwandalizi hukodi kampuni ya matukio. Kampuni hiyo hukodi kampuni ya ulinzi na ya mitambo. Hizo humpigia simu broka, naye hutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp akitaka vijana arobaini kufikia saa kumi na mbili asubuhi. Kila mkono unakata chake. Kijana wa mwisho hajui jina la aliyemwajiri, na akivunjika mguu hajui amdai nani.

Sheria ya Kenya haiko kimya. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayeajiriwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa wakati mmoja na kulipwa mwisho wa siku. Wanaposema vijana hawa ni vibarua tu, kwa hiyo wangoje, wanaigeuza sheria juu chini. Ukimwita kibarua, ndipo hasa unapopaswa kumlipa jioni ileile. Kuna pia sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, maarufu kama WIBA, nayo ya 2007, inayomtaka mwajiri awe na bima. Kwa kijana anayepanda vyuma mita kumi juu bila kamba, bima hiyo ndiyo tofauti kati ya kuumia na kuangamia.

Msomaji atasema: haya ni mambo ya haki za wafanyakazi, mimi nanunua tiketi yangu naingia. Subiri. Yanakuhusu wewe kuliko unavyodhani.

Tarehe 23 Oktoba 2010, mashabiki 7 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashabiki wasio na tiketi walivunja utaratibu Kasarani. Shirikisho letu likatozwa faini, na CAF ikaamuru mashabiki wasizidi 27,000 katika mechi ya Kenya na Zambia, ndani ya uwanja unaobeba watu wengi zaidi ya hao. Kisha ikaja Oktoba ya 2025, tulipompoteza Raila Odinga. Mwili wake ulipopelekwa Kasarani tarehe 16, waombolezaji walipigwa risasi na baadhi wakafa. Kesho yake Nyayo watu walikanyagana tena, na zaidi ya mia moja wakahitaji huduma ya kwanza. Bila shaka wamo waliotoka kijiji chenye jina lake.

Matukio hayo hayafanani, na sitaki kuyachanganya. Risasi za Kasarani ni suala la polisi na zinadai majibu yake peke yake. Lakini pana jambo moja linalorudi kila mara: umati unapoanza kusukuma, kati yake na lango hakuna mtu aliyefunzwa cha kufanya. Kuna kijana aliyeitwa jana usiku, na nyuma yake askari mwenye rungu na gesi. Katikati pako wazi.

Tufanye hesabu ndogo. Waingereza, baada ya maafa ya Ibrox ya 1971 yaliyoua watu 66, walitunga mwongozo wa usalama viwanjani. Mwongozo huo huhesabu kwamba mlango mmoja, hata ukienda vizuri kabisa, haupitishi zaidi ya watu 660 kwa saa. Sasa chukua uwanja wa watu 15,000 wenye milango 8 inayofanya kazi. Kwa saa moja wataingia 5,280. Wote watahitaji karibu saa tatu. Mashabiki wetu wakifika saa moja kabla ya mechi, na tunajijua, basi kipenga kitapulizwa watu zaidi ya 9,000 wakiwa nje. Wanasikia kelele za ndani, nao wana tiketi mkononi. Hapo ndipo lango husukumwa. Watu hao si wahuni. Wamefanyiwa hesabu mbaya.

Mwenye kuiona hatari hiyo mapema ni yule kijana wa langoni. Ndiye anayesikia pumzi za watu zikibanwa. Akiwa na redio ya mawasiliano, anamjua wa kumpigia, na ana idhini ya kufungua mlango wa pili au kuomba mechi icheleweshwe dakika ishirini, watu watarudi nyumbani salama. Asipokuwa na hayo, atafanya kama ambavyo ungefanya wewe: atakimbia. Na kijana ambaye hajalipwa kazi ya mwezi jana ana kishawishi kingine, nacho ni kumpitisha mtu kwa shilingi mia mbili. Simtetei. Lakini ukimweka mwenye njaa akulindie chungu, usishangae kikipungua.

Waandalizi wana hoja yao, na ni haki isikike. Wengi hupata hasara. Mvua moja yatosha kuwamaliza. Wadhamini nao huwalipa baada ya miezi. Tena uwanja unaotumika mara tatu kwa mwezi hauwezi kuajiri watu mia tatu wa kudumu. Yote ni kweli. Ila hakuna anayedai ajira ya kudumu kwa wote. Kinachohitajika ni orodha: vijana mia mbili au tatu wa mitaa ya jirani waliosajiliwa kwa majina, waliofunzwa kuongoza umati na huduma ya kwanza, wanaoitwa haohao kila shughuli. Kuhusu malipo, dawa ni moja: anayekodi uwanja aweke pesa za vibarua pamoja na kodi, kabla ya kupewa funguo. Tunamlazimisha alipie nyasi akiziharibu. Tunashindwaje kumlazimisha alipie mikono?

Ndiyo sababu nimeandika haya huku Pwani. Uwanja wetu wa Manispaa tumeusubiri miaka na mikaka, Bandari wakichezea Mbaraki. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa AFCON ya 2027, na kila kaunti sasa inataka uwanja wa kujivunia. Siku ule wetu utakapofunguliwa, tutahesabu viti na kupiga picha. Swali langu kwa kaunti na kwa waheshimiwa wa bunge la kaunti ni hili: nani atasimama langoni? Vijana wa Tononoka, Majengo na Kisauni wataitwa kwa WhatsApp usiku wa kuamkia mechi, au watakuwa wamefunzwa miezi sita kabla? Watalipwa jioni, au wataambiwa wiki mbili?

Kanuni za kukodisha uwanja huandikwa mara moja, kabla ya kufunguliwa. Baada ya hapo kila mwandalizi hudai alivyozoea. Wakati wa kuuliza ni sasa, katika vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, ambavyo wengi wetu hatuendi tukidhani ni vya wenye suti.

Jana yule kijana wa Raila alinitumia ujumbe. Za shughuli ile tuliyokutana zimeingia, pungufu ya shilingi mia tatu ambazo broka hakuzieleza. Za mwezi wa nyuma bado. Jumamosi hii ameitwa tena, na safari hii amepangiwa langoni.