Kupanga foleni tunachunguzwa, na kazi ya Rais je?

Vijana wenzangu, hapa Kyangwali kabla sijapewa fulana ya kujitolea nilisaini karatasi kwamba sijawahi kumdhuru mtoto. Kazi yenyewe? Kupanga foleni!

Sasa angalieni kwetu Ituri. Thomas Lubanga alihukumiwa The Hague mwaka 2012, miaka 14, kwa kuingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15. Akatoka 2020. Baadaye Rais Tshisekedi akamtuma kutafuta amani na CODECO, nao wakamteka, 2022. Mwaka 2025 mwenyewe akatangaza kundi jipya la waasi. Mnaona?

Mtasema kifungo alimaliza. Ndiyo, alimaliza. Basi alime, auze samaki, nani anamkataza? Lakini kutumwa kwa jina la taifa siyo haki ya kila aliyetoka jela. (Najua wengine humu bado mnamwita mtetezi wetu. Nitukaneni tu.)

Na Bemba, 2018 alizuiwa kugombea urais sababu ya kuhonga mashahidi. 2023 huyohuyo akapewa wizara ya ulinzi. Yaani kura hapana, uteuzi ndiyo! Sheria ifunge na mlango huo wa uteuzi. Wale watoto waliobebeshwa bunduki leo ni watu wazima, na kabla ya kumtuma Lubanga, nani aliwauliza wao?