Werevu wa Chembe na Haki ya Mgonjwa

Msomaji, zama zetu zimejaa sifa za chembe ndogo za kuchukulia dawa. Chembe hizi hupimwa kwa nanomita, na nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni elfu ya mita. Huundwa ili zifumbate dawa safarini, na kuiachilia mahali pa ugonjwa tu, zihisipo joto au ukali wa asidi. Wazisifuo huziita dawa zenye akili. Jina hilo nalipinga. Dawa haistahili sifa hiyo kabla haijamfaa mgonjwa.

Tazama mfano mmoja. Doksorubisini hupigana na saratani, lakini huweza kuudhuru moyo. Huko Marekani ilitiwa ndani ya vifuko vya mafuta vinavyofunguka joto lifikapo kama digrii 40, vikaitwa ThermoDox. Daktari huuchoma uvimbe wa ini kwa sindano yenye joto, na joto lienealo kandokando huvifungua vifuko. Fikira njema iliyoje! Walakini, walipojaribiwa wagonjwa 701, matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa dawa hiyo haikuchelewesha kurudi kwa ugonjwa kama ilivyotarajiwa. Jaribio la pili, la wagonjwa 556, lilionekana mwaka 2020 kuwa halielekei kufaulu.

Labda utasema hilo ni kosa la dawa moja. La! Mwaka 2016 wataalamu wa Toronto walikusanya habari za majaribio ya miaka kumi yaliyofanywa juu ya wanyama. Waliona kuwa, kwa kadiri ya katikati, katika kila sehemu 1,000 za chembe zilizotiwa mwilini, 7 tu ndizo zilizofika penye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Kufuli ya ajabu yafaa nini, ikiwa sanduku halikufika?

Sisemi elimu hii iachwe. Doxil, kifuko cha dawa ile ile kisicho na hila ya kuhisi joto, kiliruhusiwa Marekani mwaka 1995, na kimepunguza madhara ya moyo. Kilisifiwa kwa kazi yake.

Basi, mwanafunzi, ukiingia kesho katika maabara, usiulize kwanza chembe yako ina werevu gani. Uliza ni kiasi gani kinafika, na ni nani ataishi zaidi kwa sababu yake. Asiyeuliza hayo humfanya mgonjwa kuwa chombo cha kuonyeshea ufundi wake, na hiyo ni dhuluma.