Kamina: Sanamu uchi ya Waluba si aibu, aibu ni kumvua mtu nguo

Kamina, Haut-Lomami – Mchoraji kijana akionyesha picha ya mwanamke asiye na nguo katika mji huu, maneno huwa yale yale: ni mambo ya wazungu, ni dhambi, ni kuharibu watoto. Wanaosema hivyo wanasahau kitu kimoja. Kutengeneza mwili wa binadamu bila nguo ni kazi ya kale katika udongo huu wa Waluba, na mafundi wake waliifanya kwa ajili ya watawala.

Tuchukue kiti cha mulopwe, kile kinachoitwa lupona. Chini ya kiti kuna mwanamke uchi, amepiga magoti au amesimama, amekibeba kwa kichwa na ncha za vidole. Tumbo na kiuno vimejaa chale, nywele zimesukwa kwa utaratibu mkubwa. Katika sanamu nyingine mikono imewekwa juu ya matiti, na wazee wanaeleza kwamba ndani ya kifua hicho zinalindwa siri za ufalme. Fundi aliyemvika sanamu nguo angezifunika chale, na chale ndizo zilizosomwa. Ni sawa na kununua kitabu halafu kukishona.

Tena haikuwa sanamu ya mke wa fulani. Waluba waliamini kwamba mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kubeba roho ya mfalme. Mulopwe alipofariki, mwanamke aliyeitwa Mwadi alipandwa na roho ya marehemu, na makao ya zamani ya mfalme yakawa kitenta, mahali pa kumkumbuka. Kiti chenyewe hakikuwekwa sebuleni. Kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikatunzwa katika kijiji kingine, kikatolewa kwa nadra. Basi wazazi wanaoogopa macho ya watoto wajue kwamba mababu nao walijua kuna wakati wa kufunua na wakati wa kufunika.

Kati ya mafundi hao kuna mmoja ambaye dunia nzima ya sanaa inamtambua. Jina lake halikuandikwa na waliochukua kazi zake, kwa hiyo Mbelgiji Frans Olbrechts alimwita Fundi wa Buli, kwa jina la kijiji. Kazi zinazohesabiwa kuwa zake, au za karakana yake, ni kama ishirini tu. Wanawake wake si wasichana wa kuvutia wanaume. Nyuso ni ndefu, mashavu yameingia ndani, mikono ni mikubwa kupita kiasi, kama ya mtu aliyelima na kutwanga miaka mingi. Wako uchi, lakini anayewatazama ndiye anayeinamisha macho. Moja ya sanamu hizo, mwanamke mwenye bakuli, iko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kiti kimoja kiko New York. Mtoto wa Kamina hawezi kuviona bila visa.

Kwa wanaoleta hoja ya dini, wakumbuke William Burton, mmisionari wa Kipentekoste aliyefika Mwanza, upande wa Malemba-Nkulu, mwaka wa 1915. Alihubiri dhidi ya mambo mengi ya mila, lakini alikusanya kazi za Waluba na kupiga picha za chale zao kwa ajili ya chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg.

Aibu ya kweli iliingia kwa mlango mwingine. Wakati wa ukoloni, Mpolandi Casimir Zagourski, aliyeishi Léopoldville, aliuza kadi za posta zenye picha za wanawake wa Kongo vifua wazi. Jina la aliyepigwa picha halikuandikwa. Kule kijijini sanamu ilifunikwa kitambaa cheupe. Hapa mwanamke mzima alibandikwa stempu na kutumwa Ulaya.

Familia zilizokimbia vita zinaelewa tofauti hiyo haraka kuliko wataalamu. Wako waliovuliwa nguo njiani na wenye silaha. Halafu mgeni anafika na kamera, anamtafuta mtoto asiye na shati na mama anayenyonyesha, anapiga, anaondoka. Mchoraji kijana wa Kamina anayekaa wiki nzima na mwili mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, akitafuta jinsi mgongo unavyobeba mzigo, ndiye anayelaumiwa. Mwenye kamera anapewa kiti na chai.

Mashirika ya misaada yenyewe yalikubali mwaka wa 1994, katika kanuni ya mwenendo ya Msalaba Mwekundu na mashirika yasiyo ya serikali, kipengele cha 10, kwamba waliopatwa na maafa waonyeshwe kama watu wenye heshima, si kama vitu visivyo na tumaini. Kwa hiyo mama aliye katika familia ya wenyeji au kambini ana haki ya kuuliza picha inakwenda wapi. Ana haki ya kusema hapana, kisha akabaki kwenye foleni ya unga kama wengine.